Kabla Uamuzi Haujafanyika: Mwongozo Kamili wa Kuwashirikisha Wakazi Wenye Ulemavu katika Manispaa ya Tabora

Katika halmashauri zetu nyingi, mkazi mwenye ulemavu hukumbukwa katika nyakati mbili: tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, anapovishwa fulana na kuketishwa mbele, na siku mfadhili anapoleta vitimwendo, anapoitwa ili apigwe picha akikabidhiwa. Siku nyingine zote mtaa unaendelea na mambo yake. Unakubaliana mchango wa taka, unachagua kiwanja cha zahanati, unagawa meza za soko na kupanga ulinzi wa usiku, na yeye hupata habari hizo baadaye, zikiwa zimekwisha kuamuliwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya madiwani, watendaji wa kata na mitaa, maofisa ustawi wa jamii, maofisa maendeleo na wahandisi wa Manispaa ya Tabora, ingawa mtendaji wa Kigoma au Nzega naye atakuta mengi ya kwake. Hoja yake ni moja: kumshirikisha mkazi ni kumfikia kabla uamuzi haujafanyika, na hilo ni suala la ratiba na bajeti.

Msingi wa kisheria upo na hauhitaji kusubiri waraka mpya. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, ambayo inaelekeza kuundwa kwa kamati za watu wenye ulemavu kuanzia mtaa na kijiji hadi mkoa, inataka majengo na huduma za umma zifikike, na inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Halmashauri yenyewe ni mwajiri wa namna hiyo, jambo ambalo husahaulika pale inapowahimiza wenye viwanda na mahoteli watekeleze sheria.

Tabora ina mtaji ambao miji mingi haina. Shule ya viziwi iliyoanzishwa hapa na Kanisa Katoliki mwaka 1963 ndiyo ya kwanza nchini, na Shule ya Msingi Furaha imefundisha watoto wasioona kwa miaka mingi. Manispaa iliyokaa na shule hizo muda wote huo haina sababu ya kusema kwamba haijui pa kuanzia kumtafuta mkalimani wa lugha ya alama au mtu wa kuandika nukta nundu, maandishi ambayo asiyeona huyasoma kwa vidole.

Hatua ya kwanza: jua ni nani wanaishi katika mtaa

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu. Kwa hesabu hiyo, mtaa wenye watu elfu mbili wa umri huo ungetarajiwa kuwa na watu zaidi ya mia mbili wanaopata shida ya aina moja au nyingine, na kama daftari la mtendaji lina majina kumi na mawili, kasoro inaanzia kwenye daftari. Mara nyingi kasoro hiyo hutokana na swali lililoulizwa. Mjumbe anayebisha hodi na kuuliza, "Hapa kuna mlemavu?" hujibiwa kwamba hayupo, kwa sababu mwenye nyumba anafikiria mtu aliyekatika mguu, wala hamfikirii bibi aliyeacha kwenda msikitini kwa kuwa haoni njia, na wakati mwingine kwa sababu kuna mtoto ndani ambaye familia haipendi aonekane.

Swali bora huanzia kwenye kazi za kila siku. Sensa hutumia maswali sita ambayo mjumbe yeyote anaweza kujifunza kwa nusu siku: je, mtu huyu anapata shida kuona hata akivaa miwani, kusikia hata akitumia shimesikio, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuzingatia jambo, kujihudumia, kama vile kuoga na kuvaa, na kuwasiliana, yaani kuelewa wengine na kueleweka. Kila swali lina majibu manne: hana shida, ana shida kidogo, ana shida kubwa, hawezi kabisa. Aliyejibu "shida kubwa" au "hawezi kabisa" katika swali lolote aingizwe kwenye daftari, na ualbino uulizwe peke yake kwa sababu maswali hayo sita hayaukamati. Kisha liongezwe swali la saba, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye faida kubwa kuliko yote: "Ni jambo gani la mtaa ungependa kushiriki na linakushinda kwa sababu gani?" Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha kama panahitajika daraja la mtaro, mkalimani, au kubadilisha tu saa ya mkutano.

Daftari hilo lisibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Katika nchi ambamo watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa, na kanda yetu ya magharibi ikiwa miongoni mwa zilizoguswa, orodha ya majina na mahali wanapoishi ni habari ya kufungiwa kabatini. Mtendaji wa mtaa akae na daftari lenye majina, na ngazi za juu zipelekewe idadi, jinsia, umri na aina ya shida. Kila mkazi apewe namba ya daftari, ambayo itatumika katika taarifa na vikao badala ya jina lake.

Hatua ya pili: kamati iwe ya watu wenyewe

Kamati za watu wenye ulemavu zimeandikwa kwenye sheria, lakini katika mitaa mingi zipo kwenye jalada tu, na mahali pengine majina yaliandikwa na ofisa mmoja mchana mmoja ili taarifa ya robo mwaka ikamilike. Kuihuisha kamati huanza na kuitisha kikao cha wote walioandikwa kwenye daftari, pamoja na walezi wa watoto, ili wachague wawakilishi wao wenyewe. Angalieni mambo mawili katika uchaguzi huo. Kwanza, nafasi zisichukuliwe zote na wenye ulemavu wa viungo, ambao kwa kawaida ndio wanaofika kikaoni kwa urahisi na kuzungumza bila msaada, bali watengewe nafasi pia viziwi, wasioona, wenye ualbino na wenye ulemavu wa akili. Pili, wanawake wawe angalau nusu, kwa kuwa mwanamke mwenye ulemavu hupitwa mara mbili, katika vikao vya wanawake na katika vikao vya wenye ulemavu.

Vyama vilivyopo visirukwe. Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu Tanzania, SHIVYAWATA, linaunganisha vyama kama CHAVITA cha viziwi, Chama cha Wasioona na Chama cha Watu Wenye Ualbino, na ofisi ya ustawi wa jamii ikiwaandikia viongozi wa vyama hivyo mapema hupata majina ya watu ambao mtendaji peke yake asingewafikia.

Kisha lipo suala la nauli, ambalo wakubwa huliona dogo. Mjumbe asiyeona huja na msaidizi wake, kwa hiyo nauli ni ya watu wawili. Mwenye kitimwendo hapandi bodaboda, hukodi bajaji, na bajaji kutoka Ifucha au Itetemia hadi mjini haina bei ya bodaboda. Kiziwi bila mkalimani huwa amekuja kukaa tu. Kamati isiyo na kasma, yaani fungu la bajeti, ya mambo hayo hukutana mara moja, ikapiga picha, ikafa.

Hatua ya tatu: mkutano mkuu wa mtaa

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda, kwa sababu mkutano mkuu wa mtaa ndicho kikao pekee cha serikali ambacho kila mkazi mtu mzima ana haki ya kuhudhuria na kusema, na pia ndicho kinachowaacha nje wengi bila mtu yeyote kukusudia.

Tuanze na mahali. Mkutano wa chini ya mwembe unafaa sana Tabora, ilimradi njia ya kuufikia haikatishwi na mtaro usio na daraja na kivuli kinatosha hata jua likihama. Mtendaji aende mahali hapo siku moja kabla, saa ileile ya mkutano, aone kivuli kitakuwa upande gani, kisha viti vya wenye ualbino, wazee na wenye uoni hafifu viwekwe upande huo, karibu na mwenyekiti. Saa tisa na nusu alasiri ni saa nzuri: jua limepungua makali, na mkutano ukiisha kabla ya saa kumi na mbili, asiyeona vizuri gizani na mwenye hofu ya kutembea usiku wote watafika nyumbani kukiwa bado na mwanga.

Tangazo la mkutano lipite kwa njia tatu angalau. Gari la matangazo halimfikii kiziwi na karatasi ya ubaoni haimfikii asiyeona, kwa hiyo ziongezwe ujumbe mfupi wa simu kwa walio kwenye daftari na mjumbe wa kupita nyumbani kwa wasio na simu. Ajenda zitajwe kwenye tangazo lenyewe, ili mtu mwenye shida ya kuelewa haraka apate siku kadhaa za kuulizana na ndugu zake kabla ya kuja.

Mkalimani wa lugha ya alama asimame mahali ambapo viziwi wanamwona yeye na mwenyekiti kwa pamoja, na jua lisiwe nyuma yake, kwani mikono iliyo mbele ya mwanga mkali haisomeki. Kabla ya kumwajiri, viziwi wenyewe waulizwe kama wanamwelewa: alama hutofautiana baina ya mahali na mahali na baina ya shule na shule, na mtu aliyejifunza kozi fupi mbali na hapa anaweza kuwa anakalimani mambo ambayo hakuna anayeyapata.

Mwenyekiti ndiye anayeamua kama maandalizi haya yatazaa kitu. Fikiria namna kura inavyopigwa. Mwenyekiti anauliza, "Wanaoafiki?" mikono inanyooshwa, anasema, "Wengi wameafiki, tuendelee," na mkalimani bado yuko kwenye sentensi ya swali. Kiziwi ananyoosha mkono ajenda nyingine ikiwa imekwisha kufunguliwa. Dawa yake haina gharama: mwenyekiti aseme swali, asubiri mkalimani ashushe mikono, ndipo aombe kura, kisha atamke kwa sauti idadi ya walioafiki na ya waliokataa ili asiyeona ajue matokeo kama walivyojua wenzake. Asiyeweza kunyoosha mkono atamke kura yake na ihesabiwe. Kila anayesimama kuchangia ajitaje jina kwanza, desturi ambayo ni ya adabu hata bila kuzungumzia ulemavu.

Jambo gumu zaidi ni ndugu anayesema kwa niaba. Mama anasema, "Huyu haelewi, nitamweleza nyumbani," na mwenyekiti, kwa heshima yake kwa mama, anamruka kijana. Mwenyekiti anaweza kulirekebisha bila kumvunjia mama heshima: amshukuru, amgeukie kijana, amwamkie kwa jina lake, amweleze hoja kwa sentensi fupi na kumpa muda wa kujibu, hata kama jibu lake litakuwa neno moja. Vivyo hivyo kwa asiyeona aliyekuja na mjukuu wake, salamu ni ya mzee mwenyewe: "Shikamoo mzee, mimi ni mtendaji wa mtaa, niko mkono wako wa kulia." Kumwuliza mjukuu, "Babu yako anasemaje?" ilhali babu amekaa pale anasikia ni kosa ambalo hata watu waliosoma hulirudia.

Muhtasari wa mkutano uandike hoja iliyotolewa na mkazi mwenye ulemavu na jibu alilopewa, na mkutano unaofuata uanze kwa kusoma jibu hilo limefikia wapi.

Hatua ya nne: bajeti, na tarehe zake

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na mtu anayekuja mwezi wa Juni kuomba rampu, yaani njia ya mteremko badala ya ngazi, ya ofisi ya kata amechelewa karibu mwaka mzima. Vipaumbele vya mitaa hukusanywa katika miezi ya mwisho wa mwaka kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, hupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, huunganishwa na wataalamu wa manispaa, hupita kwenye kamati za kudumu na kufika kwenye Baraza la Madiwani mwanzoni mwa mwaka mpya, ili Bunge la bajeti linapoanza Aprili kila kitu kiwe kimekwisha kukaa mahali pake. Kwa hiyo kamati ya mtaa ya watu wenye ulemavu ikutane Septemba au Oktoba, na ofisa mipango ahudhurie mwenyewe badala ya kutuma mtu.

Katika kikao hicho isiandikwe orodha ndefu ya matatizo. Kila mtaa utoke na mambo matatu, kila moja likiwa na mahali na kipimo: daraja la mtaro mbele ya zahanati, lenye upana wa mita moja na nusu, mkalimani kwa mikutano yote mikuu ya mtaa kwa mwaka, choo kimoja kinachofikika katika ofisi ya kata. Jambo lililoandikwa "kuboresha mazingira ya watu wenye ulemavu" haliwezi kupangiwa gharama, na lisilo na gharama hukatwa la kwanza ukomo wa bajeti unaposhuka. Ninashauri pia gharama za ushirikishwaji, yaani wakalimani, nauli za wasaidizi na machapisho ya nukta nundu, ziwekwe kwenye kasma ya utawala ya kila idara na zisirundikwe zote kwa ustawi wa jamii. Idara ya elimu ikiitisha kikao cha wazazi, mkalimani awe ni gharama ya idara ya elimu.

Hatua ya tano: majengo, barabara na mitaro

Majengo mengi ya umma yaliyojengwa karibuni yana rampu, na nyingi kati ya hizo hazipandiki. Sababu ni kwamba huongezwa mwishoni, fundi akiwa amebakiwa na nafasi ya mita mbili kati ya baraza na uzio. Kipimo kinachokubalika ni moja kwa kumi na mbili: kwa kila sentimita moja ya kupanda, sentimita kumi na mbili za urefu. Jengo lenye msingi ulioinuka sentimita 45 linahitaji rampu ya mita 5.4, na lenye sentimita 60 linahitaji mita 7.2. Rampu ya mita mbili kwenye baraza la sentimita 45 ni mlima. Anayejisukuma mwenyewe hawezi kuupanda, na anayesukumwa yuko hatarini kupinduka kinyumenyume pamoja na anayemsukuma.

Ukaguzi wake hauhitaji mhandisi. Mjumbe wa kamati akiwa na futi kamba na mpira mwembamba wa maji unaotumiwa na mafundi kupatia usawa anaweza kupima kimo cha baraza kutoka ardhini, akazidisha kwa kumi na mbili, akalinganisha na urefu aliouona. Aangalie pia kama juu na chini kuna sehemu tambarare ya mita moja na nusu ya kugeuzia kitimwendo, kama kuna vishikio pande zote mbili, na kama uso wake umepigwa niru, yaani saruji ya kulainishia sakafu, ikang'aa. Niru inapendeza kwa macho, lakini mvua ya masika ikinyesha, mwenye magongo huteleza. Saruji ikiwa bado mbichi ipigwe mistari kwa fagio la chelewa, na hapo haitateleza.

Mlango uwe na upana wa sentimita 90, na choo kiwe na nafasi ya kugeuka ya mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, mlango wake ukifunguka kwa nje ili mtu akianguka ndani aweze kusaidiwa. Pale penye choo cha kuchuchumaa, kiti cha chuma au cha mbao chenye tundu katikati, kinachowekwa juu yake na kuondolewa, hutengenezwa na fundi yeyote wa kuchomelea na huwafaa wazee na wajawazito pia.

Njia ya uhakika ya kuyapata haya yote ni kuyadai wakati ambapo manispaa bado ina nguvu. Nguvu hiyo ipo mara mbili: wakati wa kutoa kibali cha ujenzi, ambapo ramani ya jengo la kutumiwa na umma isiyoonyesha njia ya kuingilia irudishwe kwa mchoraji, na kabla ya malipo ya mwisho ya mkandarasi, ambapo wajumbe wawili wa kamati, mmoja akiwa na kitimwendo na mwingine asiyeona, walipitie jengo kutoka barabarani hadi chooni na kusaini fomu ya ukaguzi. Fedha ikishatoka, marekebisho huwa ni maombi.

Barabarani, sehemu kubwa iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na barabara kuu ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, kwa hiyo barua ya mtaa ipitie kwa mhandisi wa manispaa na isiishie mezani kwake. Mambo ya kutaja ni yale yanayoonekana kila siku Kanyenye, Gongoni na Isevya: mitaro ya wazi, slabu zilizovunjika au kuibwa, pikipiki zilizoegeshwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, na meza za biashara zilizoisogelea barabara mpaka mwenye fimbo nyeupe analazimika kutembea kwenye njia ya magari. La mwisho linataka busara, maana baadhi ya wenye meza hizo nao ni watu wenye ulemavu wanaotafuta riziki, na kuwaondoa bila kuwapa mahali ni kutatua shida ya mmoja kwa kumpa mwingine. Ukipigwa mstari wa rangi wa kuacha njia ya mita moja na nusu, na viongozi wa wafanyabiashara wakakabidhiwa kuusimamia wao, matokeo hudumu kuliko ya operesheni ya mgambo.

Mambo mengine yasiyohitaji hatua ndefu

Kwa usafiri, zungumzeni na vyama vya bodaboda na bajaji, mkubaliane kwamba kitimwendo au magongo yasitozwe kama mzigo, na madereva wafundishwe namna ya kumpandisha mtu bila kumbeba kama gunia. Muulize kwanza: "Nikushike wapi?"

Ofisini, kila kaunta ya manispaa iwe na angalau mtumishi mmoja anayejua alama za msingi: salamu, jina, namba, fedha, subiri, rudi kesho. Walimu wa shule ya viziwi na viziwi watu wazima wanaweza kuendesha mafunzo hayo, nao walipwe kama wawezeshaji wengine wanavyolipwa.

Mikopo inastahili maelezo zaidi kidogo. Kwa utaratibu uliowekwa mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Fungu la asilimia 2 hukwama kwenye hatua za maombi kuliko kwenye fedha zenyewe. Maombi yanataka kitambulisho cha taifa, akaunti ya benki, andiko la biashara na kujaza mfumo wa kielektroniki, na mtu asiyeona akimwachia kila kitu ndugu yake anayejua kompyuta huweza kujikuta ana deni la biashara ya ndugu. Ofisa maendeleo ya jamii akae na mwombaji mwenyewe, amsomee kila kipengele kwa sauti, amweleze marejesho ya kila mwezi ni kiasi gani, na mwombaji arudie kwa maneno yake kabla ya kuweka dole gumba. Mwanamke au kijana mwenye ulemavu asizuiwe kujiunga na vikundi vya asilimia 4 kwa hoja kwamba "lenu lipo kule".

Na maisha ya jamii si vikao na mikopo tu. Watu wa Tabora hukutana kwenye mpira katika Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, misibani, harusini, misikitini, makanisani na kwenye ngoma. Halmashauri haiwezi kuamuru harusi ya mtu iwe na rampu, lakini inaweza kutenga eneo la vitimwendo kwenye uwanja karibu na geti lisilo na ngazi, kuweka michezo ya watoto wenye ulemavu ndani ya ratiba ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, badala ya siku ya pembeni, na kukaa na masheikh na wachungaji kuwauliza kama wanajua ni waumini wangapi wameacha kuja kwa sababu ya ngazi tatu za mlangoni. Viongozi wa dini hulifanyia kazi jambo hili haraka kuliko serikali, kwa kuwa hawasubiri mwaka wa fedha.

Ufuatiliaji

Kila robo mwaka, Baraza la Madiwani lipokee ukurasa mmoja wenye majibu ya maswali machache kwa kila kata: ni watu wangapi wenye ulemavu waliohudhuria mkutano mkuu wa mtaa, na wangapi kati yao walichangia, ni hoja ngapi walizotoa na ngapi zimejibiwa, ni majengo mangapi yaliyokaguliwa na kamati kabla ya malipo, ni fedha kiasi gani za asilimia 2 zilizotolewa na kwa nani, wanaume wangapi na wanawake wangapi. Hudhurio peke yake lisihesabiwe kuwa mafanikio. Mtaa wenye watu arobaini waliokaa kimya una kazi kubwa kuliko mtaa wenye kumi waliobishana na mwenyekiti.

Malalamiko yapokelewe kwa mdomo, kwa maandishi, kwa simu au kwa mkalimani. Asiyeandika aandikiwe, kisha asomewe alichoandikiwa kabla ya kuondoka ofisini. Mtendaji wa mtaa ajibu ndani ya siku kumi na nne. Lisilojibiwa lipande kwa mtendaji wa kata, kisha kwa ofisa ustawi wa jamii, na likikwama huko liingizwe kwenye ajenda ya kamati ya kudumu inayoshughulikia huduma za jamii, likitajwa kwa namba ya daftari, na ofisa aliyelikalia aeleze mwenyewe mbele ya madiwani ni kitu gani kilichomzuia.